Wimbo Wanaouita Tamu

Jumanne, 4 Machi

Sketi za shule tena. Plits, plits, plits, mikunjo isiyoisha. Mguu kwa cherehani, akili haiko mahali popote. Mvua ya mchana ilikuja kama kawaida, soko la Kiptere likabaki matope na ng'ombe mmoja ambaye hana mwenyewe.

Koech alipiga simu. Ndiye mwimbaji wetu na ndiye anapiga gitaa. Mimi napiga besi. Siku hizi anafundisha shule ya msingi huko Merigi, kwa hivyo tunamwona Jumamosi tu, akipata nafasi. Anasema albamu ya nne lazima iishe Aprili, shule zikifungwa. Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Anataka turudie wimbo mmoja kutoka kila albamu ya zamani, halafu tuongeze mpya. Ati mimi nisikilize zote tatu nichague. Mbona mimi? Sijazisikiliza miaka mingi. Nilishika simu kidogo, nikairudisha mfukoni, nikarudi kwa plits.

Jumatano, 5 Machi

Albamu ya kwanza. *Mvua ya Mawe*. Jina la bendi, jina la albamu, kwa sababu hatukuwa na akili ya kutafuta majina mawili.

Tulirekodi kwa mashine ya kusaga ya kina Omondi. Posho mill ikizimwa, tunapiga. Mteja akija, tunasimama. Kwa wimbo wa tatu kuna mama anauliza kama unga wake uko tayari. Hatukumtoa. Mpaka leo ndiyo sehemu watu wanapenda.

Maneno yote Kiingereza. Theluji, mbwa mwitu, makaburi ya wafalme. Haki, theluji tuliiona wapi? Barafu tunayoijua ni ile inamwagika kutoka juu na kupasua chai, kesho yake watu wanasimama shambani wameshika kiuno, hakuna wa kulaumu. Hiyo ilikuwa metal ya kutosha. Hatukuiona.

Ngoma ni Mogaka. Kaka yangu. Anaharakisha. Kila wimbo unaanza vizuri halafu unaisha mbio, mimi na Koech tunamfukuza nyuma. Nilisikiliza mpaka mwisho. Sikuhisi kitu. Nikaosha vyombo.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Koech alikuja na chepkong'o, ile ala ya nyuzi ya wazee wao, aliitoa kwa babu yake. Anataka iingie kwa albamu mpya. Omondi, ambaye alirithi mashine ya baba yake na kiti cha ngoma cha Mogaka, akamwambia hiyo ni nyatiti ya kwao iliyonyimwa chakula. Wakatupiana maneno nusu saa, Mjaluo na Mkipsigis, kila mtu na babu yake. Kitambo ningecheka. Nilikuwa nakaza nyuzi.

Sauti nzuri lakini, hiyo chepkong'o. Ikiingia chini ya gitaa inakaa pale kama mtu anayesubiri kuitwa.

Halafu Koech akaleta mambo. Ule wimbo wa albamu ya pili tuurudie, sawa. Lakini kwa jalada tuuandike "Tamu".

Unaitwa "Damu kwa Majani". Niliuandika mimi, maneno yote. Ni vile Koech ni Mkipsigis wa ndani kabisa, ulimi wake hauna D. Akikasirika hauna hata B. Tangu siku ya kwanza alipoufungulia mdomo ulitoka hivyo: tamu, tamu, tamu kwa majani. Anaunguruma kama tingatinga, na anachosema ni kwamba chai ina sukari. Watu wakafikiri ni wimbo wa chai. Pale Bomet mara ya kwanza waliinua vikombe. Mtu mzima na thamosi yake, anaruka. Sasa ndiyo imekuwa desturi, huwezi kuja shoo ya Mvua ya Mawe bila kikombe.

Koech anasema watu wanautafuta kwa simu kwa jina la "Tamu" na hawaupati. Ana haki. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Nikasema hapana. Neno langu la kwanza mwezi huu ambalo si "sawa".

Jumapili, 9 Machi

Albamu ya pili. Nilingoja Mama aende kanisani.

Niandike tu. Mogaka alikuwa turnboy, utingo wa lori la majani mabichi ya chai. Lori liliteleza kwa matope pale kona ya daraja, likalala upande. Alikuwa amekaa juu ya magunia. Hakuna aliyekosea. Ilikuwa mvua na ni kona. Nilifika kabla ya Mama kwa sababu nilikuwa karibu, na niliona majani yamemwagika barabara nzima, kijani kibichi kabisa, na damu juu yake. Ni hiyo tu wimbo unasema. Hausemi kitu kingine. Damu kwa majani. Niliuandika nyuma ya kipande cha kitambaa cha sare kwa sababu ndicho kilikuwa mkononi.

Albamu nzima ni hasira. Nyimbo fupi. Kiswahili chote, tulikuwa tumemaliza na wafalme wa watu wengine. Omondi anapiga ngoma kwa adabu sana, unasikia anaogopa kukalia kile kiti.

Ule wimbo niliuruka. Nikarudi. Nikausikiliza. Tamu, tamu, tamu.

Sikulia. Nimeandika hapa ili nijue.

Ijumaa, 14 Machi

Albamu ya tatu, *Ukungu*. Aki. Wimbo wa kwanza unachukua muda wa kuchemsha githeri. Polepole, polepole, besi peke yake, halafu Koech analia mahali mbali. Tulikuwa tumechoka na hatukujua ni uchovu, tukaita mtindo mpya. Vijana fulani wa Nairobi walisema ni albamu yetu bora. Hapa Kiptere wakasema tumekuwa wagonjwa.

Mimi naona hapa ndipo niliganda. Unasikia kwa vidole. Hakuna kosa hata moja.

Jumamosi, 22 Machi

Siku mbaya. Naandika yote.

Koech alirudia hiyo habari ya jalada. Kwa upole, hata. Akasema jina ni la watu sasa. Nikamwambia jina ni la kaka yangu. Akasema kwani anapoimba anamwimbia nani. Nikamwambia anaimbia sukari.

Halafu nikamwambia, sema damu.

Akasema.

Nikamwambia, hiyo ni tamu. Sema damu. Akasema tena, tamu. Nikampa mengine. Dada. Dawa. Duka. Tata, tawa, tuka. Mwalimu mzima, jasho linamtoka. Omondi akaniambia, "Kemunto, wacha bana." Sikuwacha. Nikacheka. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya ile nyumba ya mashine na nikaendelea.

Koech akaanza kufunga gitaa. Hakupiga kelele. Akasema, "Unacheka ulimi yangu. Sawa. Mimi nilipepa Mogaka na hii mikono, nikamtoa chini ya lori. Hiyo siku hukuniampia niseme fisuri."

Nimeandika vile alivyosema. Sijui kama ni heshima ama ni dharau. Akaenda.

Omondi alifagia unga uliokuwa umeshafagiwa.

Jumatatu, 24 Machi

Sketi. Naona aibu. Iko mbali lakini iko.

Jumamosi, 29 Machi

Koech hakukuja. Mimi na Omondi tulipiga besi na ngoma peke yake. Inasikika kama nyumba ambayo haijaezekwa. Omondi anasema albamu imekufa. Akauliza kama nimeomba msamaha. Nikasema nitaomba. Akasema, "Utaomba lini, Krismasi?"

Alhamisi, 3 Aprili

Hii lazima niiandike leo.

Mama alikuwa jikoni. Mama alichuma chai maisha yake yote, vidole bado ni vyeusi ncha zake. Wanamwita Mama Mogaka mpaka leo na hataki wabadilishe. Muziki wetu aliuita kelele ya shetani tangu albamu ya kwanza. Sasa nasikia anapepeta mchele na anaimba. Taratibu, kama wimbo wa kubembeleza. Tamu, tamu, tamu kwa majani.

Nikamuuliza ametoa wapi. Akasema vijana wa bodaboda wanauweka pale stejini kila siku, angeukosaje.

Halafu akasema, "Si ndio ule mlimwimbia Mogaka? Vile alikuwa anaweka sukari mpaka kijiko inasimama."

Nikavuta kiti.

Akaendelea, macho kwa mchele. Baada ya matanga alikuwa hawezi kuona chai. Hiyo nakumbuka, alikunywa uji muda mrefu, asubuhi uji, jioni uji, watu wakadhani ni tumbo. Siku moja akasikia huo wimbo ukipita barabarani. Akamtambua Koech kwa sauti. Akasema, "Huyo Koech ni mtoto mzuri. Angeweza kuimba yale mambo mabaya, maana aliyaona. Akaimba tamu. Hiyo ndio ilinirudisha kwa chai."

Miaka yote hiyo. Tunakaa nyumba moja.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Chai ya jirani imepogolewa, vijiti vitupu. Nilisimama mpaka Mama akaniita chakula.

Ijumaa, 4 Aprili

Basi. Liwe "Tamu". Nimeamua. Kama Mama anahitaji sukari, mimi ni nani.

Nilimtumia Koech ujumbe. *Andika Tamu. Imba vile unataka. Sijali.*

Nilisoma baada ya kutuma. Inasikika vibaya. Ningepiga simu nimweleze habari ya Mama. Na msamaha pia. Niliweka simu chini ya mto wa pini. Mimi siwezi hizo simu, mdomo unakuwa mbao.

Jumapili, 6 Aprili

Koech amejibu. *Nimekusikia. Tutarekodi tarehe 26. Nitakuja.* Hakuna kitu kingine. Nikajibu sawa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua ya mawe, ya kweli. Ilipiga mabati mpaka hatukusikiana. Ilipoisha, ua mzima ulikuwa mweupe na majani ya mahindi yamekuwa nyuzi. Mama akasema afadhali haikukaa.

Akasema tena, kwani mnaimba lini? Anataka kuja kusikia ule wimbo ukitengenezwa. Mama! Kwa posho mill! Nikamwambia kuna kelele. Akasema alinizaa mimi na Mogaka, kelele anaijua.

Nikasema sawa. Nilifurahi, nadhani. Kitu fulani kilisogea.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama alivaa kitambaa cha kanisa. Alibeba thamosi kubwa na vikombe vya kutosha watu wote. Omondi akampa kiti, akakataa, akakaa juu ya gunia la mahindi karibu na mlango.

Koech alikuja amenyoa. Alimsalimia Mama kwa mikono miwili. Mimi akanisalimia vizuri tu, lakini alikuwa na kitu usoni, kama mtoto amebeba siri. Nilifungua mdomo niombe msamaha. Omondi akasema turekodi kabla stima haijapotea. Nikafunga.

Tukaanza. Chepkong'o peke yake kwanza. Halafu besi. Ngoma ya Omondi, na leo hakuogopa kile kiti, alikikalia. Ilikuwa nzuri. Naandika hii kwa sababu ni kweli, ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tumewahi kupiga. Hasira ya albamu ya pili na pole pole ya *Ukungu*, zote mle ndani, na hakuna inayosukuma nyingine. Mwishoni hata tuliharakisha kidogo, kama zamani.

Kiitikio kikafika. Koech akafunga macho, akaweka ulimi juu, nikauona ulimi. Akasema, "Damu."

D safi. D ya redio. Damu, damu, damu kwa majani.

Vidole vyangu viliendelea, havijui kusimama. Koech alifungua macho akaniangalia mimi, na alikuwa anatabasamu huku ananguruma, sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Alikuwa ananipa. Ni zawadi. Alirudia kila mara, na kila mara ilikuwa sawasawa. Omondi aliinua kirungu cha ngoma juu kwa furaha.

Mimi nilimwangalia Mama. Alikuwa ameshika kifuniko cha thamosi, anafungua. Mkono ukasimama pale.

Wimbo ulipoisha Koech alianza kueleza haraka haraka. Amekuwa akifanya mazoezi na darasa lake la tatu, kila asubuhi mpaka shule zikafungwa. Dawati, dirisha, darasa, wote pamoja, yeye na watoto. Watoto walimcheka, na yeye akacheka. Likizo akaendelea peke yake na ng'ombe. Ati ule ujumbe wangu ulimuuma lakini ulimsaidia. "Ni wimbo ya Mogaka," akasema. "Lazima jina itoke vile ilivyo."

Mama akauliza, "Kwani ni damu?"

Koech akaniangalia. Nikaona anaanza kuelewa na sikutaka aelewe.

Nikasema, "Ndio, Mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akasema, "Aa." Halafu akamimina chai. Alianza na Koech. Akamwambia umeimba vizuri, mwanangu. Koech alichukua kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. Nilipopewa changu nilikunywa chote, moto hivyo hivyo, nikaungua ulimi.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Akasema mgongo.

Ujumbe wa Koech. *Mama alikuwa hajui?* Nikaandika hakujua. *Tufute nirudie ile ya zamani?* Nilikaa nao muda mrefu. Nikaandika usifute. Ameshasikia. Nikaandika pia: uliimba vizuri, na ile siku nilikukosea sana, pole. Nilituma. Ilikuwa rahisi. Ningefanya hivyo Machi.

Nilipigania hiyo D. Nimeipata. Asubuhi Mama amekunywa uji.

Jumatano, 30 Aprili

Uji. Jikoni hakuna mtu anaimba. Nilishona sweta mbili zikiwa ndani nje, nikafumua.

Nina hasira. Na nani? Na mimi. Nimeona nina hasira na nikashangaa, nilidhani imeisha.

Ijumaa, 2 Mei

Uji.

Omondi alileta unga mwenyewe, wa wimbi, bila kuitishwa. Alikaa na Mama kidogo. Sikusikia waliongea nini.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa tulikaa nje kuchambua maharagwe. Jua la kawaida. Mama alikuwa upande wake wa ungo, mimi wangu.

Akaniuliza yale maneno mengine ya wimbo yanasema nini. Kiitikio sasa amekijua. Lakini mengine Koech ananguruma tu, yeye Mama hayashiki.

Nikamwambia si lazima. Akasema, "Wewe ulifika kabla yangu. Waliponileta walikuwa wameshafunika. Mimi sikuona kitu, Kemunto. Hakuna mtu amewahi kuniambia."

Nilianza kwa Kiswahili, vile nilivyoandika. Ilikataa. Basi nikamwambia kwa Kikisii, si kama wimbo, kama habari. Kona. Magunia. Vile majani yalikuwa mabichi. Koech akiwa matopeni amepiga magoti. Kwamba viatu vya Mogaka vilikuwa miguuni, vyote viwili, kamba zimefungwa. Mama akatikisa kichwa hapo, yeye ndiye alimfundisha kufunga.

Kwetu damu ni amanyinga. Haifanani na neno lingine lolote. Nililisema mara moja, Mama akaitikia, tukaendelea na maharagwe mpaka yakaisha.